Babu Alitafuta wa Kumkatalia

Siku zile Kadutu, mtaani kwetu, padri alikuwa na kazi mbili: kusoma misa na kutukatalia. Misa aliisoma asubuhi. Kutukatalia kulichukua siku yote iliyobaki.

Ninamsema Padri Stanislas, mzungu mwenye ndevu za kufika tumboni na sauti iliyoteremka mlima mpaka ziwani. Tukitaka kupiga ngoma kwenye kilio, alitukatalia. Mama akimfunga mtoto hirizi kiunoni, aliikata kwa makasi aliyotembea nayo ndani ya kanzu, na mlio wa makasi hayo tuliujua kama tulivyojua kengele. Hata majina alitukatalia. Jirani yetu alitaka mwanawe abatizwe Mvula kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Padri akasema hakuna Mtakatifu Mvula, mtoto akatoka kanisani anaitwa Barthélemy, na mvua ikaendelea kunyesha.

Wajukuu wangu wakisikia hayo wanakasirika kwa ajili yetu. Ninawaambia wasijichokeshe. Kukataliwa na Padri Stanislas kulikuwa na faida yake, na aliyeijua faida hiyo kuliko watu wote ni babu yangu, muzee Bulonza.

Mimi naitwa Eulalie. Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya masista, najua kusoma, kuandika, kufuma soksi za nchi ya baridi ambazo hakuna aliyezivaa, na kuimba Kilatini bila kuelewa hata neno. Tulikaa nyumba ya matofali juu ya kilima, mimi, wazazi wangu na Babu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukafunika Kadutu yote, ukawa unasikia watu bila kuwaona: huyu anakohoa, huyu anagombea ndoo kwenye bomba, huyu anamtukana mbuzi. Halafu jua likatutolea nyumba moja moja, kama mama anayetoa mihogo kwenye chungu. Hata leo ukungu ukipanda hivyo, ninasimama mlangoni na kusikiliza kama yule mbuzi bado anatukanwa.

Na nilimpenda Télesphore. Alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani mwa duka la Mgiriki kule chini mjini. Alinukia makaa ya pasi na nguo mpya. Blauzi moja alinipima mara nyingi kuliko blauzi inavyohitaji, nami nikasimama mikono juu, nikijifanya sijui. Alikuwa mpole, mcheshi, na alimshonea Babu upya koti lake la zamani la askari bila kuombwa. Kwa koti hilo Babu alimpenda karibu kama nilivyompenda mimi.

Basi taabu ilikuwa nini? Taabu ilikuwa Cishugi.

Cishugi alikuwa babu yake Télesphore, na alikuwa amekwisha kufa. Yeye na Babu wangu, wangali vijana, walikwenda pamoja kubeba mizigo ya wazungu katika vita vya kwanza, na huko njiani wakachanjana. Kila mmoja alijichanja tumboni, mwenzake akalamba ile damu, wakawa ndugu. Watu wengi walichanjana siku zile na wala hawakuharibu maisha ya mtu. Lakini hawa wawili walikuwa vijana, na walikuwa wamekunywa, wakaapa kupita kipimo. Waliapa kwamba watoto wao na wajukuu wao ni wa tumbo moja, na ndugu haoi ndugu. Atakayevunja neno hilo wa kwanza, mtoto wa nyumbani mwake asikue.

Cishugi alipokufa, aliliacha neno hilo kwa Babu, kama mtu anavyomwachia jirani yake jembe na asirudi tena kulichukua.

Siku Télesphore alipoleta pombe ya kuniposa, wazee walikunywa, wakasifu, wakamaliza. Babu naye alikunywa. Kesho yake akanijia uani nikichambua maharagi, akaketi juu ya kinu.

"Eulalie, mi nitakupinga."

Nikaacha maharagi. "Juu ya nini, Babu? Pombe yake ulikunywa."

"Pombe ilikuwa muzuri. Nitakupinga ndani ya kanisa, siku ile katekista Philémon atasoma majina yenu mara ya mwisho."

"Unamuchukia Télesphore?"

"Nimuchukie na hii koti? Sikiliza, mutoto. Cishugi ananiangalia. Nikinyamaza, mi njo mwenye kuvunja. Lakini nikisimama niseme, na mukubwa akanikatalia mbele ya watu, mi nilisema. Cishugi akitaka kuuliza, atamuuliza ule mwenye kunikatalia."

"Na nani atakukatalia?"

Babu akacheka na meno yake yaliyobaki. "Stanislas. Ule mutu hata ukimwambia leo iko jua, atakatala. Atapiga kelele, atanikalisha chini, na Jumamosi utaolewa. Kwake iko bure. Hata hatajua amebeba kitu."

Nikafikiri kidogo, nikaona babu yangu ana akili kuliko shule yote ya masista.

"Sasa mi nifanye nini?"

"Ulie kidogo, watu baone. Usilie mingi, Télesphore ataogopa."

Matangazo ya ndoa yalisomwa Jumapili tatu, kama kawaida ya kanisa. Mbili zikapita salama. Juma lile la tatu, Padri Stanislas akateleza kwenye ngazi za sakristia, akavunjika mguu, wakampeleka hospitali ya wazungu akiwakatalia wabebaji njia nzima. Jumapili tukaona altareni padri mwingine, kijana, bila ndevu, mashavu mekundu kama nyanya. Huyo alikuwa Padri Adalbert. Alikuwa amekuja karibuni, na Kiswahili chake alijifunza Ulaya, kwenye kitabu. Kilikuwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi tulikisikiliza kama watu wanaotazama suti dukani.

Nikageuka kumtazama Babu kwenye viti vya wanaume, nikamfanyia ishara akae. Akanijibu kwa mkono, maana yake: padri ni padri, makasi ni yaleyale.

Katekista Philémon akasoma majina yetu, akasema anayejua kizuizi aseme. Babu akasimama ndani ya lile koti.

"Mi Bulonza ninapinga. Ule kijana na huyu binti iko tumbo moja. Tulichanjana na babu yake."

Watu wakageuza vichwa. Mimi nikaanza kulia kidogo, kama tulivyopatana.

Padri Adalbert hakupiga kelele. Alishuka kutoka altareni, akamwendea Babu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwomba aeleze yote. Babu akaeleza. Padri akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, halafu akatugeukia sisi sote.

"Wapendwa, Kanisa halikuja kudharau mila za wenyeji. Pingamizi la mzee huyu ni la haki. Ndoa hii isimamishwe."

Babu alibaki amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyeegemea mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa.

Nami nililia. Sasa si kidogo.

Nyumbani, Maman, yaani mama yangu Rosalie, aliyeogopwa na wauza samaki wote wa soko la Kadutu, aliweka sufuria chini akasimama mbele ya mkwewe.

"Muzee, ulikuwa unatafuta nini pale ndani ya kanisa?"

"Kukataliwa."

"Na umepata nini?"

"Nimeheshimiwa," akasema Babu, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake.

"Basi rudi kule umwambie ulikuwa unacheza."

"Siwezi. Neno nikilirudisha ndani ya kinywa, Cishugi atasema nililitoa kwa mchezo. Mi nimesema. Mukubwa peke yake njo anaweza kulivunja."

Tukaanza kumtafuta mkubwa. Hamjapata kuona jambo kama hilo: nyumba nzima inazunguka mji ikitafuta mtu wa kumkatalia mzee wao. Baba alikwenda kwa hakimu wa senta, yaani mtaa wa Waafrika, hapo Kadutu. Hakimu akasema mambo ya kanisa si yake, tena akampongeza Babu kwa kusimamia desturi. Télesphore alikwenda hospitali, lakini Padri Stanislas alikuwa na homa na alimkatalia kuingia. Na mkubwa wa serikali hatukuthubutu kumwendea, kwa sababu yule ukimpelekea neno moja, anakurudishia nalo maswali ya kodi.

Wakati huo huo mama yake Télesphore akaanza kumtaja msichana mmoja wa Kavumu. Alimtaja kwa upole, kama mtu anayesema tu hali ya hewa: kule Kavumu mahindi ni mazuri, na kuna msichana fulani ana viuno. Télesphore akanipa habari hizo barazani kwa Mgiriki, sindano mdomoni.

"Tukimbie twende Uvira," akasema.

"Na cherehani ya Mgiriki juu ya kichwa?"

"Nitatafuta ingine."

"Tukikimbia, nani atakuwa amevunja neno? Mimi na wewe. Na ule mutoto wa kutokua atakuwa wa nani?"

Akatoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye koti la mteja, mahali pasipohitaji kitu.

"Huyu wa Kavumu," nikamwuliza, "viuno vyake umevipima?"

"Eulalie."

"Ninauliza kazi tu."

Nilipanda mlima na hasira, na hasira ndiyo iliyonifikisha kanisani. Ilikuwa Jumamosi mchana, saa ya maungamo. Nikapiga magoti kwenye kile kisanduku, nikasikia pumzi ya Padri Adalbert nyuma ya kidirisha.

"Ungama dhambi zako, mwanangu."

"Padri, nimekuja kuungama dhambi ya babu yangu."

"Mwanangu, kila mmoja huungama dhambi yake mwenyewe."

"Yeye hawezi kuja. Akija kuisema, inaharibika."

Pumzi ikabadilika. Nikajua nimempata, kwa sababu mapadri vijana wanapenda sana kitu wasichokielewa. Akaniambia nitoke nimsubiri nje, penye kivuli cha ukuta, ili tuzungumze kama watu.

Nikamweleza yote: damu, kiapo, Cishugi, makasi ya Padri Stanislas. Alisikiliza, mashavu yakizidi wekundu.

"Kwa hiyo babu yako hakutaka nikubali?"

"Alitaka umukatalie."

"Lakini mimi niliapa, nilipopewa upadri, kwamba sitakuwa kama wale waliokuja kabla yangu. Sitaki kuwa mzungu wa kuvunja mambo ya Waafrika."

"Padri, ukiendelea kutuheshimu hivi, nitazeekea kwa baba."

Akacheka bila kutaka. Halafu akaacha. "Kwa nini babu yako hakunyamaza tu tangu mwanzo?"

"Akinyamaza, mzigo ni wake. Wewe ukivunja, mzigo ni wako."

"Kwa hiyo mnatafuta mtu wa kubeba laana yenu."

"Kwenu haina uzito, Padri. Hata hutaisikia. Ni sisi tu tunaosikia uzito wake."

Alitazama chini ziwani. Ziwa lilikuwa limetulia siku ile, na zile nyumba nyeupe za wazungu kwenye ncha ya mji zilionekana kama meno ya mtoto. Kisha akasema, "Nitamkatalia. Lakini kwa adabu."

Hapo ningepaswa kujua.

Jumapili akasimama mbele, akakunja mikono. "Mpendwa mzee Bulonza, baada ya kutafakari kwa kina, tunaona kwamba pingamizi lako, ingawa lina msingi wa kuheshimika, halikubaliki."

Nikamtazama Babu. Babu akamtazama jirani yake.

"Anasema nini?"

Jirani akainua mabega.

Nje ya kanisa nikamkimbilia. "Babu, amekukatalia."

"Wapi? Ule alikuwa ananiomba samahani. 'Ha-li-ku-ba-li-ki.' Cishugi atasikia nini pale? Cishugi alijua luga yetu ya Kishi na Kiswahili ya kubeba mizigo. 'Pingamizi' iko nini? Iko nyama?"

"Babu, neno ni lilelile."

"Hapana neno lilelile. Mutu akikukatalia, moyo yako inaruka. Moyo yangu hairuki. Na yangu kama hairuki, ya Cishugi chini ya udongo itaruka namna gani?"

Télesphore akakaa juu ya jiwe akashika kichwa. Mama yake, aliyekuwa amevaa kitambaa kipya, akasema kwa upole kwamba barabara ya Kavumu haina matope siku hizi.

Tukabaki na Jumapili moja. Nasema moja kwa sababu Maman aliapa kwamba ikipita hiyo, yeye mwenyewe atamvunja Babu, na si neno lake.

Nilirudi kwa Padri. Nilimkuta anafundisha kwaya. Kwaya hiyo ilikuwa furaha ya maisha yake. Wavulana na wasichana wa Kadutu aliwagawanya sauti nne, akawafundisha kwa kupiga kidole mezani, na walipopatia alifumba macho kama anayekula asali. Nikamwambia haikutosha, inabidi akasirike.

"Siwezi kukasirika kwa kuagizwa," akasema. "Sina hasira na mzee huyo. Nampenda."

Nikampelekea Babu jibu hilo. Babu akatafuna midomo. Akauliza, "Ule padri anapenda nini zaidi?"

Nikamwambia. Nilifikiri anauliza tu.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, maana habari ilikuwa imeshuka mpaka ziwani, na hata Waprotestanti walisimama madirishani. Padri Adalbert alikuwa ndiyo kwanza anaanza mahubiri. Babu akasimama.

"Mi Bulonza ninapinga."

"Mzee, pingamizi lako nimelisikia na nimelikataa. Keti, tafadhali."

"Tafadhali iko ya nini? Stanislas hakusemaka tafadhali."

Watu wakacheka chini chini. Padri akavuta pumzi. "Mzee wangu, keti."

"Nitakaa nikisikia mukubwa. Hapa sisikii mukubwa. Ninasikia mutoto anasoma kitabu."

"Mzee Bulonza."

"Na ile kwaya yako," Babu akasema, akawageukia waimbaji kwa huruma kabisa, "tulikuwa tunanyamaza juu ya adabu. Lakini inalia sawa mbuzi zenye kusahauliwa inje na mvua. Watu banakuja misa ya kwanza juu ya kuikimbia."

Hakukuwa na aliyecheka. Padri Adalbert akawa mweupe, halafu mwekundu, halafu rangi ambayo sijapata kuiona tena kwa mzungu. Akapiga mimbari kwa kiganja. Na kile Kiswahili cha kitabu, kilichopigwa pasi vizuri, kikamtoka chote, kikabaki Kiswahili cha bomba la maji na cha wauza samaki, ambacho hatukujua hata kama alikisikia.

"Ikala chini, muzee! Mi njo mukubwa hapa! Maneno yako nimeivunja, imekwisha, hii batoto batafunga ndoa, na weye funga kinywa!"

Nawaambia, kanisa lote lilishusha pumzi kwa pamoja. Mzungu alikuwa amesema kama sisi.

Babu akakaa. Alikaa taratibu, akanyoosha koti magotini, akamwambia jirani yake kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Umesikia? Nilisema. Wamenikatalia." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo kwenye kilele cha mlima.

Tulioana Jumamosi. Suti ya Télesphore aliishona mwenyewe, na mimi nguo yangu alinishonea kwa vipimo ambavyo, alisema, alivijua kwa kichwa. Kwaya iliimba, na ilipoanza, Babu alilia kwa utamu wake, akamwendea Padri akamwambia hajapata kusikia kitu kizuri kama kile tangu azaliwe. Padri akamtazama. Nafikiri ni hapo alipoelewa. Akakubali kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanywa kuliko ilivyomfaa mtu mwenye ibada ya jioni.

Ile miaka ilikuwa mizuri. Sisemi ilikuwa ya haki, nasema ilikuwa mizuri, na mtu mzee anaruhusiwa kusema hivyo. Babu alikuja kukaa nasi, na Télesphore alirudi jioni na vipande vya vitambaa mfukoni. Tulikuwa na gramafoni ya kuazima, na majirani walicheza uani kwetu mpaka kengele ya kuzima taa.

Kisha nikazaa, mtoto akakohoa.

Babu hakuita mganga wala nesi. Alimtuma mtu misheni: mwambieni Padri mtoto wake anakohoa. Padri Adalbert akaja mbio na pikipiki, kanzu imejaa vumbi.

"Mtoto wangu?"

"Si wewe njo ulivunja?" Babu akasema. "Cishugi ameanza kuuliza. Mujibu."

Nilidhani atakasirika. Alimtazama Babu, akamtazama mtoto, akafungua mfuko wake, akatoa dawa nyekundu ya maji, akakaa usiku kucha akihesabu pumzi za mwanangu mpaka kikohozi kikalainika. Tangu hapo ikawa desturi. Mtoto akiota meno, Padri aliitwa. Upepo ukiinua bati, Padri aliitwa. Siku moja Télesphore alijichoma sindano kidoleni, Babu akatuma mtu.

"Hata sindano?" Padri akauliza, jasho likimtiririka.

"Neno iko neno," Babu akamjibu. "Ulifikiri mukubwa iko kupiga tu meza?"

Na alikuja. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: hakuna mara tuliyomwita asije. Alisema hakuna profesa aliyemwambia kwamba mtu akivunja neno la mwingine, vipande anavibeba yeye.

Mwaka wa hamsini na tisa wakamhamisha kwenda Shabunda, kule msituni. Akaja kutuaga. Babu alimkaribisha kiti, akamwuliza jambo moja tu.

"Ile neno yetu, unaiacha kwa nani?"

Padri sasa alikuwa anasema Kiswahili cha kwetu, na makosa yetu yote. "Muzee, niliivunja juu nilikuwa mukubwa hapa. Kesho mi si mukubwa hapa. Siwezi kukudanganya juu ya hii."

"Yule mwenye kuja atachukua?"

"Nilimweleza. Alicheka."

"Basi imerudi," Babu akasema.

"Imerudi. Unisamehe."

Wakashikana mikono, pikipiki ikashuka mlima. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto mgongoni, na tumboni nilikuwa na mwingine. Neno lilikuwa limerudi, zima, kama lilivyotoka siku ile kanisani, na aliyelishika ni Babu. Nikaona namna anavyonitazama, kisha Télesphore, kisha mtoto. Mtu aliyeapa vile, kama bado anashika kiapo chake, angepaswa kunirudisha kwa baba.

"Eulalie," akasema, "lete kasiksi. Mtungi muzima. Na mirija mbili."

Nikaleta. Akaubeba mtungi mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, jua likiwa bado juu. Akachomeka mirija miwili, mmoja upande wake, mmoja upande usio na mtu. Mimi nikajibanza nyuma ya jikoni. Sikutumwa, lakini ilikuwa ndoa yangu.

Alikunywa kwanza. Halafu akasema kwa Kishi, polepole:

"Cishugi, nilipitia kwa mzungu nisikuone uso. Mzungu amekwenda. Sasa nakwambia mwenyewe, hakuna aliyenikatalia, hakuna aliyenilazimisha. Hawa watoto wameoana, na mimi ndiye niliyetaka. Sisi tulikuwa vijana, tulikuwa tumelewa, na miguu ilituuma. Huyu kijana wako anashona vizuri. Ana mdomo wako. Mtoto wao akikohoa, nikohoe mimi."

Akasubiri. Nami nikasubiri, mkono mmoja juu ya mgongo wa mwanangu. Majani ya migomba yalitikisika, lakini hayo hutikisika siku zote. Muda ukapita. Kisha nikamwona Babu anainamisha sikio, anakunja uso, na mabega yake yanaanza kucheka.

Sikuweza kuvumilia. Nikatoka pale nilipojificha.

"Babu, amesema nini?"

Alijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Anasema ninakunywa haraka," akasema. "Anataka umuongezee upande wake."